Nani Analipia Miaka ya Kukomaa?

Usiku wa Juni 28, 2005, jijini New York, klabu ya kikapu ya Detroit Pistons ilimteua kijana wa miaka 18 kutoka Los Angeles aitwaye Amir Johnson. Alikuwa wa 56 kati ya wateule 60, nafasi ambayo kwa kawaida humfanya mtu asahaulike kabla msimu haujaanza. Johnson alidumu NBA misimu 14, lakini anakumbukwa zaidi kwa jambo ambalo hakulichagua: ndiye wa mwisho kutoka darasani moja kwa moja na kuingia kwenye drafti, uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya wa NBA, kabla mlango haujafungwa. Siku chache kabla ya usiku ule, ligi na chama cha wachezaji walikuwa wameafikiana kwamba kuanzia mwaka 2006 kila mteule awe anatimiza walau miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti, na kwamba Mmarekani awe amekaa mwaka mzima tangu wenzake wa darasa wahitimu sekondari.

Tangu hapo, mazungumzo kuhusu njia ya kijana kutoka sekondari hadi ligi ya kulipwa yamekuwa yakiendeshwa kama suala la malezi. Je, kijana wa miaka 18 amekomaa? Ataweza kuishi peke yake, kusimamia mamilioni, kukabana na mwanamume wa miaka 30 aliyejaa misuli? Haya ni maswali ya kweli, na mzazi yeyote angeyauliza.

Hata hivyo, ukifuata fedha zinakokwenda, unakutana na swali lingine ambalo huulizwa mara chache. Hakuna mchezaji wa umri huo, hata awe na kipaji cha kutisha, asiyehitaji miaka miwili au mitatu ya kuongeza nguvu, kujifunza ulinzi na kusoma mchezo. Miaka hiyo ina gharama. Kuna makocha, madaktari, chakula, malazi, na juu ya yote kuna hatari ya goti kuvunjika kabla mtu hajapokea hata senti. Kila kanuni iliyowahi kuwekwa kwenye njia hii, ukiichimba hadi chini, inaamua nani abebe gharama hiyo na nani avune.

Kwa miaka mingi jibu la NBA lilikuwa rahisi: gharama abebe mchezaji mwenyewe, chini ya paa la chuo. Ligi ilikataza klabu kumsajili mtu yeyote kabla miaka minne haijapita tangu darasa lake limalize sekondari. Aliyeivunja kanuni hiyo ni Spencer Haywood, mtoto wa familia ya wachuma pamba wa Mississippi, aliyekuwa ameshachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968 huko Mexico. Mwaka 1970 alijiunga na Seattle SuperSonics kabla ya muda wake kufika. Ligi ikamzuia, wapinzani wakaweka mapingamizi dhidi ya mechi zake, na kesi ikafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Machi 1971 alikubaliwa huko hoja yake kwamba aruhusiwe kucheza huku kesi ikiendelea, na baada ya hapo ligi ilisalimu amri. Hoja yake haikuwa ngumu kuielewa: mama yake alikuwa maskini leo, na kumwambia asubiri zaidi kulikuwa ni kumwambia aendelee kuwa maskini ili biashara ya wengine isivurugike.

Baada ya Haywood, wachache walijaribu. Moses Malone alitoka sekondari ya Petersburg, Virginia, mwaka 1974 na kuingia ABA, ligi iliyokuwa ikishindana na NBA wakati huo. Akawa mmoja wa masenta wakubwa kabisa wa historia. Mwaka uliofuata Darryl Dawkins alichaguliwa wa tano na Philadelphia, na Bill Willoughby akaenda Atlanta. Kisha kukawa kimya kwa miaka 20. Hakuna sheria iliyozuia. Ilikuwa ni woga wa klabu tu, pamoja na nguvu ya mazoea: kijana mrefu anayecheza vizuri anakwenda chuo, basi.

Kimya hicho kilivunjwa mwaka 1995 na Kevin Garnett wa sekondari ya Farragut, Chicago, aliyechaguliwa wa tano na Minnesota Timberwolves. Mwaka 1996 akaja Kobe Bryant wa Lower Merion, karibu na Philadelphia, wa 13 katika drafti, aliyeteuliwa na Charlotte na kuhamishiwa Lakers kwa kubadilishana na Vlade Divac. Jermaine O'Neal akafuata mwaka huohuo, Tracy McGrady mwaka 1997, Rashard Lewis na Al Harrington mwaka 1998. Kufikia 2004, wachezaji wanane wa sekondari walichukuliwa katika raundi ya kwanza pekee, akiwemo Dwight Howard aliyekuwa namba moja.

Wengi husimulia wimbi hili kama hadithi ya ujasiri wa Garnett. Ujasiri ulikuwepo, lakini kilicholisukuma kilikuwa kipengele kimoja cha mkataba. Mwaka 1994 Glenn Robinson, aliyekuwa namba moja katika drafti, alisaini mkataba wa dola milioni 68 kwa miaka 10 kabla hajafunga hata kikapu kimoja cha NBA. Wamiliki walishtuka, na kuanzia 1995 wakaweka viwango maalumu vya mishahara kwa wateule wapya, kwa mikataba mifupi. Tangu hapo mtu hakuweza tena kutajirika kwa siku ya kwanza; utajiri wa kweli ulihamia kwenye mkataba wa pili. Na kama fedha nene ziko kwenye mkataba wa pili, mwenye akili atataka kuanza wa kwanza mapema iwezekanavyo. Kila mwaka unaokaa chuoni unausogeza mkataba wa pili mbele kwa mwaka mmoja, na unaukata mwaka mmoja kwenye mwisho wa maisha yako ya uchezaji. Wamiliki walitaka kuokoa fedha. Wakajikuta wamewaita watoto wa sekondari mlangoni kwao.

Garnett alithibitisha hesabu hiyo mwaka 1997. Akiwa na miaka 21, umri ambao vijana wengi wa rika lake walikuwa bado chuoni, alisaini nyongeza ya dola milioni 126 kwa miaka sita. Fedha hizo zilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wamiliki kuwafungia wachezaji nje mwaka 1998, na msimu wa 1998–99 ukapunguzwa hadi mechi 50.

Waliofeli nao wapo, na majina yao hutajwa kila mjadala huu unapofufuka. Korleone Young alichaguliwa wa 40 mwaka 1998 na Detroit, akacheza mechi tatu za NBA, basi. Lenny Cooke wa New York, aliyewahi kutajwa sambamba na LeBron James, aliingia drafti ya 2002 na hakuna klabu iliyomwita. Kwame Brown ndiye mwanasekondari wa kwanza kuwa namba moja, mwaka 2001, akiteuliwa na Washington chini ya uongozi wa Michael Jordan, na jina lake limegeuzwa kuwa kejeli. Kejeli hiyo si ya haki. Brown alicheza misimu 12 katika ligi ambayo wateule wengi hawafikishi mitano. Alibebeshwa matarajio ya watu wazima kwenye klabu isiyokuwa na mpango wowote wa kumlea, kisha akalaumiwa yeye.

Mwaka 2004 mwanasheria Michael McCann alichapisha uchambuzi uliolitazama kundi zima badala ya kuokota mifano. Alionyesha kwamba walioingia kutoka sekondari, kwa wastani, walifanya vizuri kuliko kundi lolote lingine la wachezaji wa ligi hiyo, uwanjani na mfukoni. Sababu yake haifichiki: waliothubutu walikuwa wachache na wengi wao walikuwa bora kabisa wa rika lao. Kati ya 1995 na 2005 waliochaguliwa ni takribani 40 tu. Miongoni mwao ni Garnett, Bryant, McGrady, Howard na LeBron James, aliyetoka sekondari ya St. Vincent–St. Mary ya Akron mwaka 2003 akiwa tayari na mkataba wa viatu wa Nike wenye thamani ya takribani dola milioni 90.

Kwa nini basi mlango ulifungwa? Kamishna David Stern alizungumzia ukomavu, na alisema wazi kwamba hataki maskauti wa NBA wajazane kwenye mabwalo ya shule. Hoja ya pili ilikuwa na uzito wake; mtoto wa miaka 16 anayetazamwa na watu 20 wenye madaftari hachezi tena kama mtoto. Lakini faida ya kwanza ilikuwa ya klabu. Kumchagua mtu wa sekondari kulikuwa sawa na kununua embe bichi kwa bei ya lililoiva, na kanuni mpya iliwaruhusu wanunuzi kungoja liive kwenye shamba la mtu mwingine, bila kulipia maji. Mwaka mmoja wa chuo uliwapa maskauti mechi zaidi ya 30 dhidi ya wapinzani wa kweli, kwenye televisheni, bure. Chama cha wachezaji kilikubali kwa sababu wanachama wake ni waliokwisha kuingia. Kila kijana anayezuiwa mlangoni ni nafasi inayobaki kwa mkongwe. Wale waliozuiwa hawakuwa na kura. Jermaine O'Neal alikuwa miongoni mwa wachache waliopinga hadharani: kijana wa miaka 18 anaweza kupelekwa vitani na nchi yake, kwa nini asicheze mpira dakika 48? Aliuliza pia kama rangi ya ngozi ya wahusika haikuwa sehemu ya jambo hili, maana suala kama hilo halikusikika kwenye besiboli na hoki.

Ukitaka kupima hoja ya malezi, tazama upande wa wanawake. WNBA humtaka Mmarekani awe anatimiza miaka 22 mwaka wa drafti au awe amehitimu chuo, na kwa miongo kadhaa hapakuwa na msukumo mkubwa wa kuvunja kanuni hiyo. Caitlin Clark, mchezaji maarufu kuliko wote wa chuo katika kizazi chake, aliteuliwa namba moja mwaka 2024 kwa mshahara wa msingi wa dola 76,535. Mshahara ukiwa huo, nani atakimbilia mlangoni? Kinachovuta na kinachosukuma ni malipo.

Kwa wanaume, kuanzia 2006 ukaanza utaratibu wa mwaka mmoja chuoni na kuondoka. Greg Oden na Kevin Durant, namba moja na namba mbili wa 2007, walikuwa matunda yake ya mwanzo. Vyuo vikafurahi. Mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilisaini mkataba wa televisheni wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14 kwa ajili ya mashindano ya Machi. Mchezaji aliyewavuta watazamaji hao alipata ada ya masomo, chumba na chakula, na akikubali hata tiketi ya ndege kutoka kwa wakala, alifungiwa.

Fedha zikizuiwa kupita mlango wa mbele, hupita wa nyuma. Septemba 2017 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani walitangaza kesi dhidi ya makocha wasaidizi, watu wa kampuni za viatu na madalali, waliodaiwa kupitisha malipo kwa familia za vijana ili wachague vyuo fulani. Tume ya kikapu cha vyuo iliyoongozwa na Condoleezza Rice ilipendekeza Aprili 2018 kwamba utaratibu wa mwaka mmoja ufutwe. Februari 2019 Zion Williamson wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyekuwa akitazamwa na nchi nzima, alipasua kiatu na kuumia goti chini ya dakika moja tangu mechi dhidi ya North Carolina ianze. Tiketi za usiku ule ziliuzwa kwa maelfu ya dola, na yeye alikuwa akicheza bila mshahara. Goti lilipona, lakini kwa dakika chache Wamarekani waliona kwa macho yao ni mwili wa nani uliowekwa rehani.

Pamoja na yote hayo, makubaliano mapya ya ligi ya mwaka 2023 hayakuugusa umri wa miaka 19.

Walioona mapema kwamba chuo si lazima walitafuta vichochoro. Brandon Jennings alikwenda Roma mwaka 2008, akakaa benchi muda mrefu, akajifunza kwa uchungu maana ya kuwa kijana kati ya watu wanaolisha familia kwa mpira. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa 10 na Milwaukee, na wiki chache baada ya kuanza msimu akafunga pointi 55 katika mechi moja. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, alikwenda China mwaka 2014 na kurudi kuwa mteule wa saba. Australia ikaanzisha mpango wa makusudi wa kuwapokea vijana wa aina hiyo. LaMelo Ball alipitia klabu ya huko ya Illawarra na kuwa wa tatu mwaka 2020. Thon Maker, aliyezaliwa Sudan Kusini, akapitia Uganda na kukulia Australia, alikaa mwaka wa ziada kwenye shule ya maandalizi Kanada na kushawishi ligi kwamba alikuwa amehitimu mapema. Milwaukee ikamchukua wa 10 mwaka 2016. Anfernee Simons alitumia mwanya huohuo mwaka 2018. Ndiyo kusema mlango wa sekondari umebaki wazi kidogo, kwa mwenye mwaka mmoja wa ziada na mtu wa kumlipia ada.

NBA yenyewe ilijaribu kuwa mlezi. Mwaka 2020 ilianzisha timu ya Ignite ndani ya ligi yake ya maendeleo, ikiwalipa vijana bora hadi dola 500,000 kwa msimu, wakati mchezaji wa kawaida wa ligi hiyo alilipwa takribani 35,000. Miongoni mwa wa kwanza kuingia alikuwa Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma aliyehamia Marekani mwaka 2016 kwa ajili ya kikapu. Julai 2021 alikuwa mteule wa saba. Juni 2022, akiwa na miaka 19, alikuwa bingwa wa NBA na Golden State Warriors. Kwa familia ya Goma, mji uliokwisha kuona volkano na vita, tofauti kati ya mwaka wa mshahara na mwaka wa ada ya bure haikuhitaji mchambuzi wa kuieleza. Hata hivyo Ignite ilifungwa mwaka 2024 baada ya msimu wake wa mwisho wa ushindi mara 2 na vipigo 32. Tatizo lilijulikana tangu mwanzo: timu ya vijana watupu hupigwa na watu wazima, na kijana anayepigwa kila usiku hajifunzi ulinzi, anajifunza kukubali kufungwa. Lakini kilichoiua hasa ni kwamba vyuo vilianza kulipa.

Hapo tutafika. Kwanza ni lazima kuangalia kipande cha njia ambacho mjadala wa Marekani hukiruka, kwa sababu kwao kipo tayari. Sekondari ya Marekani ina bwalo, kocha anayelipwa, ratiba ya mechi, na zaidi ya wavulana 500,000 wanaocheza kikapu katika shule za nchi hiyo. Chini ya asilimia 4 kati yao hufika timu za vyuo vya NCAA, na kutoka huko wanaoitwa kwenye drafti ni kiasi cha mmoja katika mia. Ni kichujio kikali, lakini ni kichujio kinachoonekana. Mtoto wa Lubumbashi, Kampala au Dar es Salaam huwa hajafika hata kwenye kichujio hicho.

Hasheem Thabeet ni mfano unaostahili kusomwa polepole. Alianza kucheza akiwa na umri wa takribani miaka 15, jijini Dar es Salaam, akapitia sekondari ya Makongo, kisha akaenda Marekani na kumalizia sekondari Houston. Alikaa miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa mlinzi wa kuogopwa, akafika nusu fainali za kitaifa mwaka 2009, na mwaka huohuo Memphis ikamchukua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Watanzania walisherehekea, na walikuwa na haki. Februari 2010 Memphis ikampeleka kwenye ligi ya maendeleo, na hakuna mteule wa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko kabla yake. Miaka mitatu ya chuo haikumsaidia kama wanavyodai watetezi wa chuo, kwa sababu pengo lake lilikuwa nyuma zaidi. Wapinzani wake walikuwa na mpira mikononi tangu wakiwa na miaka saba. Yeye alifundishwa kuzuia mipira kwa sababu ndicho timu ilichohitaji kushinda wiki ile. Mikono na miguu ya mashambulizi hakuna aliyekuwa na muda wa kuijenga.

Bismack Biyombo wa Lubumbashi alipita kwingine kabisa. Akiwa kijana alikwenda kucheza Yemen, kocha Mreno Mário Palma akamwona, akamsaidia kufika Hispania. Aprili 2011, katika mechi ya vijana bora wa dunia mjini Portland, alimaliza na pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mipira 10, jambo ambalo halikuwa limefanywa na yeyote katika mechi hiyo. Miezi miwili baadaye alikuwa mteule wa saba. Hakukaa siku moja kwenye chuo cha Marekani. Ulaya kijana husajiliwa na klabu, hulelewa na klabu, na klabu hiyo hudai ada akiondoka. Ndivyo Real Madrid ilivyomlea Luka Doncic, aliyeingia timu ya wakubwa akiwa na miaka 16 na kuwa bingwa wa Ulaya kabla hajaenda NBA. Mlezi anajulikana na analipwa. Tatizo ni kwamba mtoto huwa amefungwa kwa saini aliyoiweka akiwa hajui kuisoma.

Jaribio lenye matumaini zaidi kwa Afrika ni la Saly, Senegal, ambako NBA imeweka akademi yake ya bara, na ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, iliyozinduliwa Kigali Mei 2021. Tangu 2022 wanafunzi wa akademi hiyo hugawanywa kwa klabu za BAL wakacheze na watu wazima kwa wiki chache bila kupoteza haki ya kwenda chuo. Khaman Maluach ndiye ushahidi mkubwa. Alizaliwa Rumbek, katika Sudan Kusini ya leo, familia ikakimbilia Uganda, akakulia Kawempe jijini Kampala. Amesimulia kwamba mwendesha pikipiki alisimama barabarani, akatazama urefu wake, akamwambia akajaribu kikapu. Ilikuwa mwaka 2019. Uwanja ulikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, na viatu vya kumtosha havikupatikana. Baada ya hapo alicheza BAL kwa misimu mitatu, na timu tatu tofauti, ya mwisho ikiwa City Oilers ya Uganda. Akaichezea Sudan Kusini Kombe la Dunia akiwa na miaka 16 na Olimpiki ya Paris akiwa na 17. Akakaa mwaka mmoja Duke. Na Juni 2025 akachaguliwa wa 10, haki zake zikaishia Phoenix Suns. Kutoka barabara ya Kawempe hadi NBA ilikuwa miaka sita.

Mlinganishe na Thabeet utaona kilichobadilika. Kwa Maluach, kati ya miaka 13 na 17 kulikuwa na mtu anayelipa makocha na shule. Hiyo ndiyo miaka inayoamua. Lakini akademi moja yenye vijana wachache kwa bara zima haiwezi kuitwa mfumo. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki huwakutanisha vijana wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, na vipaji vinaonekana. Kisha wiki inakwisha na wengi hurudi kwenye uwanja wa saruji usio na nyavu. Nafasi hiyo huzibwa na madalali. Wapo waungwana waliobadilisha maisha ya watu, na wapo wanaochukua pasipoti ya mtoto, kumpeleka shule ya kibinafsi isiyo na walimu wa kutosha, na kumwacha huko goti likiuma. Mzazi anayeambiwa mwanawe amepata ufadhili ana haki ya kuuliza jina la shule, nani mlezi wake kisheria, nani analipa bima ya matibabu, na tiketi ya kurudi iko wapi. Dalali anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu.

Sasa turudi kwenye fedha za vyuo. Juni 2021 NCAA ilishindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani kwa kura tisa bila pingamizi katika kesi ya Alston, na Julai 1 mwaka huohuo wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kuuza majina na sura zao. Juni 2025 suluhu nyingine ya mahakamani ikaruhusu vyuo vyenyewe kuwagawia wanamichezo hadi takribani dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka. Athari yake ilionekana haraka. Mwaka 2021 vijana 353 walijiorodhesha mapema kwa ajili ya drafti. Mwaka 2025 walikuwa 106. Anayetabiriwa kuchaguliwa mwishoni mwa raundi ya kwanza anaweza leo kupata fedha zaidi kwa kubaki chuoni.

Mgeni, hata hivyo, amebaki kizingitini. Viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi kidogo sana ndani ya Marekani. Oscar Tshiebwe, naye wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote mwaka 2022 akiwa Kentucky, akivuna wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi. Wenzake walipokuwa wakitangaza magari na migahawa, yeye alilazimika kusubiri ziara ya timu huko Bahamas, Agosti 2022, ili afanye matangazo yake nje ya ardhi ya Marekani. Mwaka 2023 hakuna klabu iliyomteua. Aliingia Indiana Pacers kwa mkataba wa kugawana muda kati ya NBA na ligi ya maendeleo. Miaka yake ya thamani kubwa zaidi sokoni ilikuwa ile ya chuoni, na hiyo ndiyo aliyoitumia akiwa amefungwa mikono na karatasi.

Na njia yenyewe imeanza kupitika kinyumenyume. Thierry Darlan wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, aliyetoka akademi ya Saly na kulipwa mshahara Ignite, alijiunga na Chuo Kikuu cha Santa Clara mwaka 2025. Desemba mwaka huo Chuo Kikuu cha Baylor kikampokea James Nnaji wa Nigeria, ambaye alikuwa ameshateuliwa wa 31 katika drafti ya NBA ya 2023 na kuchezea klabu za Ulaya. Baadhi ya makocha wakongwe wa vyuo walipiga kelele kwamba nafasi za wahitimu wa sekondari zinachukuliwa na watu wazima, na katika hilo hawakukosea: kocha anayelipa mamilioni hupendelea mtu wa miaka 21 aliyekwisha kuzoea kupigana vikumbo kuliko kijana wa 18 anayehitaji miaka miwili. Hivyo kwa mara nyingine gharama ya miaka hiyo miwili inatafuta mtu wa kuibeba, na safari hii chuo nacho kinaikwepa.